Fensi ya shutingi bodi haikai sawa? Kwanza angalia mwanga unapita wapi

Shutingi bodi ni ile bodi ya kulazia ubao unapopiga randa kichwa chake, yaani mwisho wake uliokatwa, na fensi ni kile kizuizi ambacho ubao unaegemea. Fensi ya kurekebisha ni kitu kizuri sana, manake ile ya kugundishwa ikikaa vibaya umeshakwama, itabidi uibandue au uitengeneze upya, lakini hii ya bolti unalegeza, unasogeza kidogo, unakaza, unaendelea na kazi. Ila shida yake inatoka hapohapo. Kitu kinachoweza kusogezwa na wewe kinaweza kusogea chenyewe pia, alafu mbaya zaidi, kwa sababu kinarekebishika basi kila ubao ukitoka vibaya mkono unaenda kwenye ile bolti hata kama kosa liko sehemu nyingine kabisa. Mi nimeshapoteza jioni nzima nikizungusha bolti ya fensi ambayo haikuwa na tatizo lolote, nitaeleza huko mbele.

Hapa naongelea ile ya kawaida: ubao wa chini, juu yake ubao mwingine mwembamba kwa upana ili ibaki njia ya randa kulala ubavu, na kule mwisho fensi imeshikwa na bolti mbili, moja iko karibu na randa ndo ya kuzungukia, nyingine iko mbali na randa kwenye tundu pana kidogo ili fensi iweze kucheza. Kama ya kwako bolti ya kuzungukia iko upande mwingine, mambo ni yaleyale, geuza tu maelezo.

Kabla hujashika spana

Piga randa kichwa cha ubao wa majaribio wenye upana kama milimita 100 hivi, kingo zake zote mbili ziwe zimenyooka na ziko sambamba, alafu uweke skwea (kile kifaa cha kupimia kona ya nyuzi 90). Weka mara mbili. Mara ya kwanza kwa upana, yaani mwili wa skwea unakaa kwenye ukingo ule uliokuwa umeegemea fensi na ulimi wake unalala kwenye kichwa cha ubao. Mara ya pili kwa unene, mwili wa skwea unakaa juu ya uso wa ubao. Shika juu ya taa au dirishani uangalie mwanga.

Kosa likiwa kwa upana, fensi ndo mshukiwa. Kosa likiwa kwa unene, yaani kichwa kimelala kutoka juu kwenda chini, fensi haihusiki kabisa, hata uizungushe mpaka kesho haitabadilika kitu. Hapo angalia randa. Na hii ndo ilinikuta ile jioni, nilikuwa natengeneza droo, mbao zinakutana juu vizuri chini zina uwazi, nikawa narekebisha fensi, najaribu, narekebisha tena, kumbe kisu cha randa kimechomoza zaidi upande mmoja. Randa ikiwa imelala ubavu, ule upande uliochomoza unakula zaidi chini au juu. Niligusa kidogo kile kiwiko cha kupeleka kisu kushoto na kulia, nikapiga mara tatu, kosa likaisha. Bolti za fensi zilikuwa hazina hatia.

Sababu nyingine za kosa la unene: maranda yamenasa kwenye njia ya randa kwahiyo randa inapita imeinama, au ubavu wa randa wenyewe haujakaa nyuzi 90 na uso wake wa chini (zipo nyingi za hivyo, hata mpya), au ubao wa juu wa shutingi bodi umejikunja. Kisu kinaweza kufidia ubavu wa randa usio sawa, we kirekebishe kwa kuangalia ubao uliotoka, sio kwa kuangalia randa.

Jambo moja kuhusu skwea yenyewe. Ichunguze kabla hujaiamini. Chukua ubao wenye ukingo ulionyooka, chora mstari kwa kisu, geuza skwea upande wa pili, chora mwingine kuanzia nukta ileile. Mistari ikiachana, skwea ina kosa, na unachokiona ni kosa mara mbili.

Au usitumie skwea kabisa. Piga randa vichwa vya mbao mbili, kila moja uso uliowekewa alama ukiwa juu. Zilaze mezani vichwa vikitazamana, na moja uipindue iwe kifudifudi ili kingo zote mbili zilizokuwa kwenye fensi ziegemee rula moja ya chuma. Sukuma zikutane. Uwazi wowote utakaouona ni kosa la fensi limezidishwa mara mbili kwahiyo hata dogo linajitokeza. Angalia hapo kwenye kupindua, watu wanakosea sana: ukizungusha tu ubao bila kuupindua makosa yanafutana, zinakutana vizuri kabisa hata kama fensi iko upande kilomita, na unaondoka unajua uko sawa.

Kosa ni lilelile kila ubao

Hii ndo rahisi kuliko zote na ndo kazi hasa ya fensi ya kurekebisha. Kama kila ubao unatoka na kosa lilelile upande uleule, hakuna kinacholegea, fensi imekaa vibaya tu.

Kujua inaenda wapi, we umesimama kwa nyuma unasukuma randa kwenda mbele kuelekea fensi. Skwea ikionyesha mwanga karibu na ukingo uliokuwa kwenye fensi, kona imezidi nyuzi 90, basi ile ncha ya fensi iliyo mbali na randa ivute ije kwako. Mwanga ukiwa upande wa ukingo mwingine, ule uliokuwa kwako, kona imepungua, sukuma ncha hiyo iende mbele mbali na wewe.

Kiasi gani? Usikisie, piga hesabu, ni ndogo. Pima ule uwazi kwa fila geji (vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia uwazi), gawanya kwa upana wa ubao, zidisha kwa umbali kati ya bolti mbili za fensi. Tuseme uwazi ni milimita 0.1 kwenye ubao wa milimita 100, na bolti zako zimeachana milimita 250. Jibu ni milimita 0.25, ndo kiasi cha kusogeza fensi pale kwenye bolti ya mbali. Kama huna fila geji, karatasi ya kawaida ya kuprinti ina unene wa karibu milimita 0.1, inatosha kabisa.

Sasa robo ya milimita kwa mkono ni ngumu, unagonga kidogo inaenda nusu, unagonga kurudisha inapitiliza. Ndo maana mi napenda kuweka kibao kidogo nyuma ya fensi, kimegundishwa na kufungwa skrubu, hakitembei, alafu kwenye hicho kibao inapita bolti ya M6 (yenye kipenyo cha milimita 6) inayosukuma mgongo wa fensi. Bolti ya M6 ya kawaida ina hatua ya milimita 1, mzunguko mzima unasogeza milimita 1, robo mzunguko ndo hiyo 0.25. Kwa mfano wetu hapo juu umemaliza kazi kwa robo mzunguko mmoja. Hicho kibao kina faida nyingine kubwa zaidi nitaisema sasa hivi.

Ilikuwa sawa jana, leo haiko sawa

Au ilikuwa sawa mbao tano za kwanza alafu ikaanza kupotea taratibu. Hapa fensi inateleza. Kumbuka kila msukumo wa randa unaishia kwenye fensi, nguvu yote ya mkono wako inaenda pale, na fensi ya bolti mbili inazuiwa na msuguano tu. Bolti ya kuzungukia yenyewe imebanwa kwenye tundu lake lakini ile ya pili iko kwenye tundu pana, kwahiyo ndo inayokubali kwanza, na inaenda siku zote upande mmoja: mbele, mbali na wewe. Ukiona kosa linakua na linakua kuelekea huko basi usitafute sababu nyingine.

Kukaza zaidi kunasaidia kidogo, lakini kuna mwisho, ukizidisha unabonyeza mbao. Dawa mbili zinazofanya kazi. Ya kwanza ni msasa, kata kipande cha namba 120 au hapo karibu, gundisha chini ya fensi pale bolti zinapopita, sura ya mchanga iangalie chini, inauma ubao na haitelezi tena. Ya pili ni kile kibao cha nyuma na bolti yake ya M6. Fensi ikiwa imeegemea chuma nyuma, nguvu ya randa inaenda kwenye kibao na sio kwenye msuguano, haina pa kwenda. Ukiniuliza nichague moja nachagua kibao, na kama una nafasi kwenye bodi yako weka vyote viwili.

Alafu kuna kucheza kwa bolti ya kuzungukia. Bolti ya M8 kwenye tundu la 8.5 ina nusu milimita ya kucheza, na nusu milimita kwenye fensi ni nyingi mno, tumeona hapo juu robo tu inafanya nini. Toboa kwa drili biti ya 8 kamili, bolti iingie kwa kusukuma kwa kidole gumba. Tundu likishapanuka, lipanue zaidi ugundishe kipande cha bomba la shaba ndani, au jaza kwa kijiti cha mbao ngumu na gundi utoboe upya. Tundu pana la upande wa pili nalo lisiwe kubwa bila sababu, la milimita 12 kwa bolti ya M8 linakupa milimita 2 kila upande na hiyo ni zaidi ya utakachohitaji.

Inasogea wakati wa kukaza

Hii inaudhi kuliko zote. Umeiweka vizuri, skwea imekubali, unakaza nati, unaangalia tena, imeondoka. Unalegeza, unarudisha, unakaza, imeondoka tena, na mara nyingi inarudi palepale ilipokuwa mwanzo.

Toa washa, kile kiduara cha chuma kilicho chini ya nati, uangalie mbao chini yake. Nilipofanya hivyo kwangu nilikuta duara limebonyea kama alama ya kikombe kwenye kitambaa, ukipitisha kucha inadondoka ndani ya shimo. Ndo jibu hilo. Washa imeshajichimbia kitanda chake, na ukisogeza fensi robo milimita ukingo wa washa unakaa juu ya ukuta wa lile shimo, ukikaza unateleza kurudi ndani na unaiburuta fensi nayo. Hakuna mkono wa mtu utakaoishinda hiyo. Weka bamba la chuma au alumini, hata la milimita 2, juu ya mbao kati ya washa na fensi, lizamishe kidogo na ulifunge skrubu ndogo mbili, hapo washa inakaa kwenye chuma na haichimbi. Kama huna bamba, washa pana kabisa, ile kubwa kama sarafu, inachelewesha tatizo ingawa hailimalizi.

Kama hakuna shimo na bado inasogea, ni ule mzunguko wa nati unaisukuma washa na washa inaisukuma fensi. Weka washa mbili moja juu ya nyingine na tone la mafuta au nta katikati yake, ile ya juu izunguke ya chini itulie. Na banisha fensi kwa klampu kabla hujakaza. Utaratibu wangu: bolti ya kuzungukia kwanza inakazwa nusu, naweka sawa, klampu, bolti ya mbali inakazwa kabisa, narudi kumalizia ya kwanza, natoa klampu, napima. Nati ya mabawa ni nzuri kwa haraka lakini kwa fensi hii spana inashika vizuri zaidi.

Mbao fupi ziko sawa, ndefu hapana

Au kinyume chake. Au mbao nyembamba inatoka vizuri na nene inatoka na kosa. Ukiona matokeo yanabadilika kutokana na ukubwa wa mbao, acha kurekebisha, uso wa fensi haujanyooka.

Weka rula ya chuma kwenye uso wa fensi uangalie mwanga. Fensi iliyobonyea katikati inashika mbao ndefu kwenye ncha zake mbili, mbao fupi inakaa ndani ya bonde, kila moja na kona yake. Iliyotuna katikati ni mbaya zaidi, mbao inacheza kama mizani. Na ikiwa imejipinda, yaani ncha moja imelala mbele na nyingine nyuma, mbao nyembamba inagusa chini na nene inagusa juu, ndo hapo unene unaleta kosa.

Ivue, ipige randa inyooke, rudisha. Kama inajikunja kila baada ya muda ni mbao uliyochagua, tafuta mbao ngumu kavu yenye nyuzi zilizonyooka zinazokwenda kwa urefu wa fensi, au gundisha plaiwudi nzuri tabaka mbili. Na angalia pia kama unaibana kwenye ubao usio tambarare, kuna fensi zimenyooka mezani na zinajikunja zikishakazwa tu.

Kuna kosa dogo linafanana na hili na dawa yake ni sekunde: maranda kwenye kona. Chembe moja kati ya mbao na fensi inatosha kuharibu kila kitu. Kata mfereji mdogo wa milimita 1 au 2 chini ya uso wa fensi pale inapokutana na ubao wa juu ili uchafu upate pa kuingia, na uwe na brashi karibu. Mi napiga brashi kila ubao, imekuwa mazoea.

Nyuzi zinameguka nyuma ya ubao

Randa inatoka kwenye ubao, na nyuzi za ukingo wa mwisho zinachanika. Fensi inatakiwa iwe inazishika pale nyuma, ikiwa haizishiki maana yake ncha ya fensi imerudi nyuma kutoka kwenye njia ya randa. Hili linatokea sana kwenye fensi za kurekebisha kwa sababu kila ukiizungusha na kila randa ikiikwangua, ncha inapungua kidogo kidogo.

Kwahiyo usitegemee fensi yenyewe. Weka uso wa pili mbele yake, ubao wa kama milimita 12 wenye matundu marefu ya kulala, umefungwa kwa bolti fupi zilizozama. Ukiona umeliwa unalegeza, unausukuma kuelekea randa mpaka uzidi kidogo, unakaza, unapitisha randa unaukata usawa na njia. Ukiisha unaweka mwingine. Bado ukingo unameguka? Kata kona ndogo kwa patasi kwenye ukingo wa nyuma wa kazi yako kabla hujaanza, na punguza kisu.

Na ukiona randa inatoa unga badala ya maranda, noa kisu. Kichwa cha ubao kinahitaji kisu kikali kweli, kisipokuwa kikali kinaruka, kinasukuma mbao nje ya nafasi yake, alafu skwea inakuonyesha kosa ambalo linafanana kabisa na la fensi.

Bodi mpya haieleweki

Randa ikipita mara za kwanza kwenye bodi mpya inakula ukingo wa ubao wa juu, lakini kisu hakifiki mpaka ukingo wa randa kwahiyo kunabaki mdomo mwembamba chini ambao haujaliwa, na ukishajitengeneza ndo unaoiongoza randa. Usiseti fensi kabla hilo halijaisha, utakuwa unapima kwa kitu ambacho bado kinabadilika. Pitisha randa mpaka iache kula, ndo useti. Ukibadilisha randa, kisu chake kinaweza kuanzia urefu tofauti na kuula ule mdomo, kwahiyo chagua randa moja kwa bodi hiyo ukae nayo, na kisu usikitoe zaidi ya ulivyozoea.

Na ile ya nyuzi 45

Wengi wanataka fensi moja iende 90 na 45 na irudi. Inawezekana, tatizo ni kurudi. Kila ukirudi 90 unaseti upya. Kama lazima iwe hivyo, ile bolti ya M6 kwenye kibao cha nyuma iwekee nati ya kuifunga ili isizunguke, ukirudisha fensi isukume mpaka iguse bolti, ukaze, alafu upime kwa ubao wa majaribio kabla ya kazi yenyewe. Mi nimetengeneza kipande cha pembe tatu cha 45 kinachokaa mbele ya fensi na kuondolewa, ile ya 90 siigusi. Hicho cha pembe tatu kikiwa na kosa dogo, gundisha tepu upande mmoja wa mgongo wake, tabaka moja, ujaribu, uongeze kama bado.